Hodi Tatu, Ghorofa ya Nne

Jumamosi, 8 Novemba 2025. Mji wa Kale, Mombasa. Ni miaka thelathini na minne na miezi kumi tangu nitoke Barawa.

Mvua ya vuli ilinyesha alfajiri, ikaacha, ikarudi saa nne, na sasa, baada ya alasiri, imekatika kabisa. Uchochoro wetu bado unapitisha maji. Nimefungua dirisha, nimejimiminia kahawa, na magoti yananiuma kwa ngazi za leo. Moyo lakini umetulia. Nataka kuandika kabla utulivu huu haujanisahaulisha nilichokifanya.

Kwa anayenisoma mara ya kwanza: mimi ni mtu wa Barawa, mji wa pwani ya Somalia ambao sisi wenyewe twauita Miini. Nilikuwa mwalimu. Vita vilitutoa, tukashuka Mombasa, mimi na mke wangu na mabegi mawili, tukakaa kambini kwanza kisha mjini. Darasa sikulipata tena, ila jina la Maalim lilinifuata hadi huku, na mpaka leo hakuna aniitaye vingine.

Miaka kumi na tisa sasa naifanyia kazi kampuni kubwa inayosimamia majengo ya kupangisha. Tuna majengo kumi na mawili humu kisiwani, kutoka Kizingo hadi Majengo. Mpangaji akiingia, naikagua nyumba pamoja naye. Akitoka, naikagua tena. Naangalia mabomba, bawaba, vigae, unyevu ukutani. Naipenda kazi hii wala sioni haya kusema. Nyumba yetu ya Barawa tuliiacha mlango umevunjwa, na labda ndiyo sababu hufurahi nikiona mlango unafunga sawasawa, ulimi wa kitasa ukaingia mahali pake bila kusukumwa.

Zamani niliandika ripoti zangu kwa kalamu, kurasa mbili mbili, na meneja aliyekuwapo akinung'unika kwamba namletea riwaya. Mwaka jana tukapewa tableti. Ndani yake mna maswali, na kila swali lina majibu mawili ya kubonyeza. La kwanza kabisa ni hili: mkaaji yupo, au hayupo. Hakuna pa kuandika "sijui".

Nalisema hili si kwa kujitetea. Nalisema kwa sababu ndipo nilipoteleza.

Mapema Septemba ofisi ilipigiwa simu. Mpangaji wetu wa ghorofa ya nne, katika jengo la Bondeni, amefariki. Alikuwa Mzee Athmani, baharia mstaafu. Alikwenda Lamu kuwaona ndugu zake, mauti yakamkuta huko, akazikwa huko huko. Mkataba ulikuwa kwa jina lake peke yake, kwa hiyo nikatumwa nikaangalie kama nyumba ina mtu.

Nilikwenda mara tatu, katika majuma matatu mbalimbali. Kila mara nilifanya kama nilivyofunzwa na marehemu baba. Hodi ya kwanza, ngoja. Hodi ya pili, ngoja. Hodi ya tatu, na ukikosa jibu geuka uende zako, usichungulie, usiulize. Mwenye nyumba ana haki ya kutokuitikia, na mgeni mwenye adabu humwachia haki yake.

Hakuitikia mtu. Nikabonyeza "hayupo". Nilidhani mjane amekwenda Lamu kwa watu wa mumewe.

Hapa ndipo penye kukiri. Ile mara ya tatu nilisikia. Kikombe kiliwekwa juu ya kisahani, polepole sana, kama kwa mkono wa mtu asiyetaka kilie. Na chini ya mlango ikapita harufu ya ubani. Nikajua mna mtu. Lakini kwa kuwa hakutaka kuitikia, niliona kuandika kwamba yumo ni sawa na kumchungulia. Nikabonyeza "hayupo" mara ya tatu, nikashuka ngazi nikijiona mtu mstaarabu.

Sikujiuliza ni mwanamke gani akaaye ndani siku nzima, akafukiza ubani, asiitikie sauti ya mwanamume. Mtoto wa chuo cha Kurani angejua.

Bi Rukia, mjane wa Mzee Athmani, alikuwa edani.

Mjane wa Kiislamu hukaa miezi minne na siku kumi katika nyumba aliyokuwa akiishi na mumewe. Hatoki ila kwa dharura, hajipambi, wala haonani na wanaume wasio maharimu wake. Wako wanaoitikia hodi kwa nyuma ya mlango. Bi Rukia ameshika alivyofunzwa na nyanya yake: akiwa peke yake, sauti ya mwanamume asiyemjua haiitikii. Yeye alikuwa na mafunzo yake upande ule wa mlango, nami nilikuwa na yangu upande huu.

Kule ofisini, "hayupo" tatu zikitimia, nyumba huandikwa tupu. Ikiandikwa tupu hutangazwa. Jana ikapata mpangaji.

Leo saa tatu asubuhi mlinzi wa jengo akanipigia simu akisema njoo mbio, kuna watu wanazozana na mlango. Nilitoka hapa kwa miguu, mwavuli mkononi, nikakata Bondeni kwa njia za ndani. Chini ya jengo nilikuta pikapu imejaa, turubai juu ya makochi. Ngazini, ghorofa ya nne, nilikuta friji. Nyuma ya friji walikuwapo hamali wawili wa kutoka Majengo, wakihema, na mbele yake alisimama Bwana Barasa, karani wa bandarini, ufunguo aliopewa na ofisi mkononi. Mkewe Nekesa alikuwa amekaa juu ya godoro lililokunjwa, mtoto mgongoni. Mlango ulikuwa umefunguka upana wa kiganja tu, ukazuiwa na mnyororo wa ndani.

"Wewe mwanamume, nyumba hini ina mwenyewe!" Ilikuwa sauti ya mwanamke mtu mzima, haitetemeki. "Rudisha mlango!"

"Mama, mimi nina mkataba," Barasa akasema, kwa upole wa mtu aliyekwisha kulisema neno hilo mara nyingi.

"Mkataba na nani? Mwenzako yuko eda!" Huyu alikuwa Kadzo, anayesafisha ngazi zetu, ndoo mkono mmoja na ufagio mkono wa pili. Aliponiona akaniacha mimi nifike, kisha akanigeukia. "Ndiwe, Maalim? Miezi miwili mama huyu namletea mchicha na maziwa, nawe wapita hapa na hicho kioo chako, wabonyeza, wenda zako. Hukuniuliza kwa nini? Kwa vile mimi nashika ufagio?"

"Nilipiga hodi, Kadzo."

"Hodi ya mwanamume! Ungenipa mimi niipige."

Hamali mmoja akauliza kutoka nyuma ya friji, "Maalim, yapanda ama yashuka? Mgongo huu si wa serikali."

Nikampigia simu meneja wetu, Bi Faith. Ni msichana wa umri wa mjukuu wangu kama ningejaliwa mmoja, ametoka Nairobi mwaka juzi, anafanya kazi kwa haraka na kwa haki. Nikamweleza.

"Mzee, eda ni nini?"

Nikamweleza na hilo.

"Na wewe ulisikia mtu ndani, ukaandika hayupo?"

"Niliandika."

"Mzee." Akalisema neno hilo moja tu, na nilitamani angenitukana.

Kisha akanipa hali ilivyo. Mkataba wa Barasa umetiwa saini na ni halali. Katika jengo lilo hilo kuna nyumba nyingine wazi, ghorofa ya pili, ndogo kidogo. Barasa akikubali kwa hiari yake kubadilishana, Bi Rukia ataandikiwa mkataba kwa jina lake mwenyewe. Akikataa, sheria ya kampuni ni moja: mkaaji asiye na mkataba hupewa siku kumi na nne.

Nilipokata simu walikuwa wote wananitazama, na ule upenyo wa mlango nao ulikuwa kimya kwa namna ya kusikiliza. Nikayasema yote kwa sauti, kila mtu ayasikie.

Barasa akatikisa kichwa. "Mzee, mimi nimehama Changamwe. Kule nimeshatoka, nyuma hakuna nyumba. Hii nilionyeshwa picha zake ofisini, nikaona itapata upepo pande mbili, mke wangu akaipenda. Kosa si langu."

Na kweli halikuwa lake. Nikamwambia, "Kosa ni langu." Nikamsimulia habari ya kikombe na kisahani, pale pale ngazini, mbele ya hamali, mbele ya Kadzo, na mbele ya mwenye kikombe. Nimesimama mbele ya madarasa ujana wangu wote, lakini sikumbuki siku niliyoona haya ya kusema kama leo.

Barasa akasema, "Nakuelewa, Mzee. Lakini nalala wapi leo na mtoto?"

Mvua ilikuwa imerudi, tukaisikia ikipiga turubai huko chini. Nilifikiria siku kumi na nne. Nilimwona Bi Rukia akishushwa ngazi zile zile, na vyombo vyake vikitangulia, kabla ya siku zake kutimia, kwa sababu mtu mmoja aliyesoma vitabu vingi hakutaka kuonekana mdadisi.

Ndipo Nekesa akainuka juu ya godoro. Akamtikisa mtoto mgongoni, akausogelea mlango, lakini hakuchungulia; akasimama ubavuni mwake.

"Mama," akasema, "umebakisha siku ngapi?"

Sauti ya mwanamke iliitikiwa. "Sitini na moja, mwanangu."

"Na ukitoka kabla?"

"Nitakuwa nimemwacha njiani."

Nekesa akamgeukia mumewe, akasema naye kwa lugha yao, maneno machache. Barasa akajibu moja. Nekesa akarudi kwenye Kiswahili, nadhani kwa makusudi, tusikie sote. "Baba Neema, wewe ukitaka lala hapa na friji yako. Mimi sitatandika kitanda mahali matanga hayajaisha. Kwetu mjane hatolewi nyumbani kwa mumewe watu bado wanalia, na wewe unajua. Mama yako alikaa."

Barasa aliangalia sakafu, kisha friji, kisha mimi.

"Hiyo ya ghorofa ya pili ina upepo?"

"Kidogo," nikasema. Nilikuwa nimeshaapa moyoni kutosema uongo tena kwa siku hiyo. "Zaidi ina msikiti. Dirisha la chumba cha kulala liko sawa na kipaza sauti."

"Sawa namna gani?"

"Ungenyoosha fimbo ungekigusa."

Kadzo akaanza kucheka, akajizuia kwa heshima ya nyumba ya msiba, akashindwa. Barasa naye akacheka, kicheko cha mtu aliyechoka. "Basi sawa. Zamu yangu bandarini inaanza alfajiri. Nitaamshwa bure."

"Yashuka!" akasema yule hamali. "Nilijua tangu mwanzo yashuka. Haya, mwenzangu, bismillahi, na ukiniangushia nitakuja kukusumbua katika ndoto."

Kufikia saa sita makochi yalikuwa ndani, na mwana wa Nekesa amelala katikati yake. Niliikagua nyumba pamoja na Barasa, bomba kwa bomba. Bawaba ya kabati la jikoni ililegea, nikaikaza mwenyewe. Bi Faith alituma mikataba yote miwili, Barasa akatia saini wake, na wa Bi Rukia Kadzo akauingiza ndani kwa ule upenyo, ukarudi na jina limeandikwa kwa herufi nzuri za Kiarabu na chini yake za Kizungu. Kisha nikafungua ripoti ya nyumba ile. Nikabonyeza "yupo".

Bi Faith akapiga tena. Kuanzia Jumatatu, akasema, mpangaji akifariki, siendi kukagua peke yangu. Nitakwenda na Kadzo, na Kadzo ndiye atakayepiga hodi. Kazi hiyo ataandikiwa. Nilipomwambia Kadzo, alifuta mikono kwenye leso yake na kuuliza kama atapewa na yeye kioo cha kubonyeza.

Nilikuwa na jambo moja la kumaliza. Nilimwomba Kadzo akae nami, akakalia ndoo yake iliyogeuzwa, nami nikasimama mbali kidogo na mlango, ambao sasa ulikuwa umefungwa.

"Makiwa, Bi Rukia."

"Tunayo, Maalim."

"Nimekuja kuomba radhi."

"Nimekusikia ukiiomba ngazini. Yatosha." Kisha akaongeza, "Ile mara ya tatu nilikusikia ukishuka. Nikasema moyoni, huyu mtu ana adabu, hakugonga ya nne."

"Adabu hiyo nusura ikutoe nyumbani."

"Nami kikombe nalikiweka polepole ili usisikie. Ningekitupa chini, yasingekuwa haya."

Kadzo akasema kwamba sisi wote wawili ni wazee wajinga, na kwamba kwao Kaloleni mtu akitaka kujua kama jirani yumo huita jina lake mpaka kuku wakimbie. Nikasikia kicheko kidogo nyuma ya mlango, cha kwanza labda baada ya siku nyingi, kikakatika haraka.

Bi Rukia akatuambia kwamba mwanawe wa Malindi anataka kumchukua eda ikiisha. Anamwambia mama, utakaa na nani huko ghorofani? "Nimemwambia nitakaa na ngazi zangu na Kadzo wangu. Hapa nimepika miaka ishirini na miwili. Huko Malindi nitakuwa mgeni wa mke wa mtu, niulize chumvi iko wapi." Halafu, kwa ile sauti ya kumkirimu mgeni kabla hajaondoka, akaniuliza, "Nawe, Maalim, kwenu mwarudi lini? Husikia kumetulia siku hizi."

Swali hili naulizwa tangu nishuke Mombasa. Huulizwa na wauza magazeti, na madaktari, na imamu. Nina jibu langu, nalitoa bila kufikiri: inshaallah, mambo yakitulia. Hata mpwa wangu aliye Barawa namwambia hivyo kila Idi. Nimelisema kwa miaka mingi hivi kwamba nilikuwa nimeacha kulisikia. Lilikuwa namna yangu nyingine ya kubonyeza "hayupo": watu waridhike, nami nisiulizwe zaidi.

Leo halikutoka. Huenda ni kwa sababu asubuhi nzima nilikuwa nikisema kweli na kinywa kilikuwa kimezoea. Nilimwambia Bi Rukia kwamba mke wangu alifariki hapa, miaka sita iliyopita, na amezikwa hapa. Mwanamume hana eda. Siku ya nne nilikuwa kazini, Tudor, nikikagua bafu la mtu, na mtu yule hakujua. Nikamwambia kwamba tangu siku ile sijahesabu siku za kwenda popote.

Akasema, "Mungu amrehemu. Mlikuwa mkikaa wapi?"

"Mji wa Kale. Ndiko nikaako mpaka leo."

"Basi mko nyumbani kwake," akasema, kana kwamba ni jambo la kawaida kabisa. Akaniaga.

Nilirudi kwa miguu, mvua imekwisha. Bondeni nilinunua mahamri mawili kwa mama anayenijua, akaniongezea la tatu kwa sababu lilikuwa limepasuka. Nilisimama uchochoroni nikalila pale pale, mzee wa miaka sitini na tisa, makombo kwenye ndevu, na sikuona haya.

Kesho nitampigia simu mpwa wangu. Mara kwa mara huniambia kwamba kuta za nyumba ya baba bado zinasimama, na kwamba anangoja nije ndipo aezeke. Nitamwambia asingoje. Aezeke, aoe, aweke watoto humo, na vyumba vyote ni vyake, pamoja na kile cha uani ninachojua amekiacha kwa ajili yangu. Atadhani ninaumwa. Nitamwambia mimi mzima, nina kazi, nina mwenzangu mpya wa kupiga hodi, na jirani yangu wa uchochoro huu hunipikia wali wa nazi.

Barawa ni kwetu, na naipenda. Sitarudi.